Kiswahili ughaibuni kinahitaji vyama: tuwatazame Wajerumani wa Philadelphia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala wa wasomaji kuhusu watoto wetu wanaozaliwa ughaibuni na kukua bila Kiswahili. Wengi walioandika wametulaumu sisi wazazi. Wanasema tunaionea haya lugha yetu, tunaringia Kiingereza, na mtoto akiletwa likizo anashindwa hata kumwamkia bibi yake. Uchungu huo naujua, maana na mimi nina mama yangu Songea anayeongea na wajukuu zake kwenye simu. Ila lawama hizo hazijagusa kiini cha tatizo.

Ninaishi Philadelphia, Marekani. Usiku ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi asubuhi ninawafundisha watoto Kiswahili katika chumba cha chini cha kanisa moja. Kabla ya kuondoka nyumbani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo kazi ya darasani si ngeni kwangu. Niliyoyaona ni haya: mzazi anayefanya zamu mbili, hata awe na mapenzi makubwa kiasi gani na lugha yake, akiachwa peke yake atashindwa. Mtoto anashinda shuleni, akitoka huko yuko na wenzake, akirudi nyumbani yuko kwenye simu. Kiswahili anachobakia nacho ni cha "njoo ule", "kaoge", "nani kavunja hii". Mtoto wa miaka kumi na miwili ana mengi ya kusema kuliko hayo, naye atayasema kwa lugha itakayomtosha. Ugenini lugha inashikwa na watu waliojipanga: wana chama, wana mahali pa kukutania, wana fedha ya kumlipa mwalimu. Mfano wa watu hao uko hapa hapa mjini kwetu, nao ni Wajerumani.

Kwenye barabara ya Spring Garden kuna jengo la chama kinachoitwa German Society of Pennsylvania. Kilianzishwa tarehe 26 Desemba 1764, siku moja baada ya Krismasi, na Wajerumani 65 waliokutana katika jengo la shule la Walutheri. Hebu utazame mwaka huo. Marekani haijazaliwa bado. Itatangaza uhuru wake 1776. Ujerumani kama nchi moja haipo, itaundwa 1871. Watu hao walitoka katika tawala ndogo ndogo, kila moja na mtemi wake, kodi yake na mipaka yake. Lahaja zao zilitofautiana kiasi kwamba mtu wa kusini alipata taabu kumwelewa wa kaskazini. Wengine walikuwa Walutheri, wengine wa Kanisa la Reformed, na makanisa hayo yalikuwa na ugomvi wa zamani. Hawakuwa na ubalozi wala bendera moja. Kilichowaweka meza moja ni lugha.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu sisi tumefanya kinyume chake. Hapa tuna chama cha Watanzania, cha Wakenya, cha Wakongo, cha Warundi. Kila kimoja kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na vitenge vya sare kwa ajili ya sikukuu ya uhuru. Sijaona hata kimoja kati ya nilivyowahi kuhudhuria ambacho kina darasa la watoto la kudumu. Tunatafutana Desemba, tunakula pilau na nyama choma, tunapiga picha, halafu tunatawanyika mpaka Desemba nyingine au mpaka msiba utuite.

Wajerumani wale wa 1764 hawakuanza na sherehe. Walianza bandarini. Enzi hizo Mjerumani maskini asiye na nauli alipandishwa meli kwa mkopo. Meli ikitia nanga Philadelphia, hakuruhusiwa kushuka mpaka apatikane mtu wa kulipa deni lake, na huyo aliyelipa alimtumikisha miaka kadhaa. Baba aliweza kwenda kwa mnunuzi mmoja, mama kwa mwingine, na watoto kwingine kabisa. Mtu akifia baharini baada ya nusu ya safari, deni lake liliangukia mjane au watoto. Ndani ya meli walilundikwa mpaka wakaambukizana maradhi, na maji ya kunywa yalikuwa machafu. Wenzao waliotangulia kufika na kupata unafuu ndio waliounda chama, na dai lao la kwanza lilikuwa sheria ya kuwalinda abiria hao. Mwaka 1765 ikapatikana. Baadaye chama kikawasaidia wageni kwa wanasheria, kwa dawa, kwa kutafutiwa kazi. Kikaendesha hata shule ya jioni ya kuwafundisha Kiingereza.

Msomaji anaweza kushangaa kwamba chama cha Wajerumani kilifundisha Kiingereza. Mimi sishangai. Mgeni alikuja pale kwa sababu alikuwa na shida, akapata msaada, akabaki kwa sababu ya watu, na mtoto wake akakua akisikia Kijerumani kikizungumzwa na watu wenye heshima nje ya nyumba yao. Katika darasa letu la Jumamosi nimeliona jambo hilo hilo kwa udogo wake. Mama mmoja kutoka Uvira, Kongo, alikuwa haleti watoto hata tumwombe vipi. Siku mwenzetu mmoja alipokubali kukaa meza ya nyuma awe anawasomea wazazi barua za shule, za bima na za idara ya uhamiaji, yule mama alikuja na bahasha yake na watoto wake watatu. Tangu hapo hawajakosa.

Mwaka 1817 chama kile kilifungua maktaba, na mpaka leo ipo, na vitabu zaidi ya 50,000. Nimeingia humo. Kuna rafu za mbao zilizojaa kuanzia chini hadi juu: vitabu vya kilimo, vya tiba, mashairi, Biblia, riwaya za mapenzi, vingi kwa Kijerumani, tena vikiwa na zile herufi za kale zenye ncha ambazo vijana wa Ujerumani wa leo wenyewe wanazisoma kwa taabu. Nilisimama nikafikiria ni watu gani waliovisoma: waokaji mikate, waseremala, watengeneza bia, watumishi wa majumbani. Waliwekeana michango kununua vitabu kwa ajili ya watu wa kazi za mikono. Sisi katika mji huu tuna madaktari, wauguzi, wahandisi, madereva wa malori wenye malori yao wenyewe, na kabati letu la vitabu vya Kiswahili ni sanduku moja la plastiki ninalolibeba kwenye buti la gari.

Isidhaniwe kwamba walipendwa. Mwaka 1751 Benjamin Franklin, yule mwanasiasa mashuhuri wa mji huu, aliandika kwa hasira kwamba Wajerumani wanafurika Pennsylvania na kwamba karibu watawageuza Waingereza wawe Wajerumani badala ya wao kugeuka Waingereza. Maneno kama hayo tunayasikia leo kwenye televisheni yakisemwa juu ya wengine. Lakini ni Franklin huyo huyo aliyekuwa amechapisha gazeti la Kijerumani mwaka 1732, kwa sababu aliona huenda pana wateja. Watu waliojipanga wanafanyiwa biashara hata na wasiowapenda.

Dhoruba kubwa ilikuja mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani. Kijerumani kikawa lugha ya adui. Mwaka 1918 gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha yoyote ya kigeni shuleni, kanisani, barabarani, hata kwenye simu. Mwezi Aprili mwaka huo huo, huko Collinsville, Illinois, kundi la watu lilimnyonga Robert Prager, mchimba makaa ya mawe mwenye asili ya Ujerumani, bila kosa lolote lililothibitishwa. Mwaka 1915 karibu wanafunzi 24 kati ya kila 100 wa sekondari nchini walikuwa wakijifunza Kijerumani. Kufikia 1922 hawakufika hata mmoja kati ya 100.

Kisa kinachonigusa zaidi kama mwalimu ni cha Nebraska. Jimbo hilo lilitunga sheria mwaka 1919 ya kukataza kumfundisha mtoto lugha yoyote ya kigeni kabla hajamaliza darasa la nane. Katika kijiji cha Hampton alikuwepo mwalimu wa shule ya kanisa, jina lake Robert Meyer. Mwezi Mei 1920 ofisa wa serikali aliingia darasani kwake akamkuta mtoto wa miaka kumi akisoma hadithi ya Biblia kwa Kijerumani. Mwalimu alimwona ofisa akija na angeweza kubadili akaendelea kwa Kiingereza. Hakubadili. Alitozwa faini ya dola 25, akakataa kulipa, na kesi ikapanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1923 ilimpa ushindi: mzazi ana haki ya kutaka mwanawe afundishwe lugha, na mwalimu ana haki ya kuifundisha. Kila Jumamosi ninapowafungulia watoto kitabu cha darasa la pili katika chumba kile cha chini, ninakaa chini ya ulinzi wa hukumu aliyoipigania mwalimu wa kijijini. Ninalisema hili kwa wazazi wenzangu wanaoogopa, hasa wakimbizi, wanaodhani watoto wakisikika wakizungumza Kiswahili watachukuliwa kuwa si raia wema. Sheria iko upande wetu, na imekuwa upande wetu miaka 100 na zaidi.

Lakini yapo pia makosa yao, na haya ndiyo yanayotufaa zaidi. Mwaka 1901, hapa hapa Philadelphia, uliundwa muungano wa kitaifa wa vyama vya Wajerumani wa Marekani chini ya Charles Hexamer. Ukakua ukawa mkubwa sana. Ila sehemu kubwa ya nguvu zake ilikwenda katika kupinga sheria za kukataza pombe, na fedha zake nyingi zilitoka kwa wenye viwanda vya bia. Vita ilipozuka Ulaya mwaka 1914 ukaingia kwa miguu yote katika kuitetea serikali ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani. Mwaka 1918 ulivunjika. Fedha za watu wenye maslahi yao na siasa za nchi ya asili ziliuua, na madarasa ya lugha yaliumia pamoja nao. Karibu miaka ishirini baadaye likatokea kundi jingine, German American Bund, lililojiita la utamaduni huku likiwa la Kinazi. Tarehe 20 Februari 1939 lilijaza watu 20,000 katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York. Kundi hilo liliwapaka matope Wajerumani wote waliokuwa wakiimba kwaya zao na kufundisha watoto wao kwa amani.

Ninayaandika haya nikijua yametufika. Mwaka mmoja wa uchaguzi huko nyumbani, chama kimoja cha watu wetu hapa kiligawanyika pande mbili. Tulikuwa na darasa dogo wakati huo, na ufunguo wa ukumbi ulikuwa kwa mtu wa upande mmoja, vitabu kwa mtu wa upande wa pili. Watoto walikaa mlangoni kwenye baridi, wakarudishwa nyumbani, na darasa likafa pale pale. Hakuna kilichobadilika katika uchaguzi ule kwa sababu ya ugomvi wetu. Waliopoteza ni watoto, na baadhi yao sasa ni watu wazima wanaonijibu kwa Kiingereza ninapowasalimu.

Wasomaji wengine watasema basi tuwaige Waamish, Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale. Hao nao ni wa asili ya Kijerumani, wako Lancaster, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka hapa, wanapanda magari ya farasi na wanazungumza lahaja yao ya Kijerumani mpaka leo, watoto kwa wazee. Ni kweli lugha yao iko hai kuliko ya yeyote. Ila wanailinda kwa kujitenga: wana shule zao zinazoishia darasa la nane, dini yao, mashamba yao. Sisi tumekuja watoto wasome vyuo vikuu. Njia hiyo si yetu.

Wanaotuhusu zaidi ni majirani wa Waamish hao, watu wa asili hiyo hiyo wanaoendesha magari na kuishi kama Wamarekani wengine. Miaka ya 1930, walipoona lahaja yao inapotea, walianzisha vikundi vya kukutana kila mwaka, na wakavipa jina la mnyama mdogo wa mashimoni ambaye kwa imani zao tarehe 2 Februari anatoka kutabiri hali ya hewa. Katika mikutano yao wanakula, wanaimba, wanaigiza, na mwiko ni mmoja: ukitamka neno la Kiingereza unatozwa faini hapo hapo, senti kadhaa kwa kila neno. Nililipenda jambo hilo mara nilipolisikia, na darasani kwetu watoto wanalipenda pia, ingawa sisi faini yetu ni kuimba ubeti mmoja mbele ya wenzako. Hata hivyo ukitazama matokeo, nje ya Waamish na Wamenonaiti wa kale lahaja ile sasa imebaki hasa vinywani mwa wazee. Mkutano wa mara moja kwa mwaka, hata uwe mtamu namna gani, haumpi mtoto lugha. Wale walifurahi pamoja, lakini watoto wao walikuwa wamebaki nyumbani na Kiingereza.

Njia ninayoiona inafaa ni ya shule za Jumamosi za Wajerumani wa siku hizi, zilizotapakaa katika miji mingi ya Marekani. Wazazi wanaunda kamati, wanachagua uongozi, wanalipa karo, wanakodi madarasa ya shule au kanisa, wanaajiri walimu na kuwalipa. Mwishoni kuna mtihani unaotambuliwa na serikali ya Ujerumani, unaoitwa Deutsches Sprachdiplom, na mwanafunzi akifaulu ngazi ya juu cheti hicho kinatosha kuwa ushahidi wa lugha anapoomba kuingia chuo kikuu cha Ujerumani. Serikali ya kule inazisaidia shule za aina hiyo kupitia idara yake inayoshughulikia shule za nje. Kazi ya msingi ni ya wazazi. Serikali inaweka muhuri.

Umuhimu wa muhuri huo nimeujua kwa mabinti wawili wa darasani kwangu. Walikuja wakiwa wadogo, wakaendelea vizuri, wanasoma hadithi na kuandika insha. Walipofika umri wa miaka kumi na minne mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, nikimaliza nitapata nini?" Mwenzake anacheza mpira wa kikapu Jumamosi hiyo hiyo, na huko anapata medali na jina lake linaandikwa. Sikuwa na cheti cha kumwonyesha. Nilimwambia kwamba majimbo mengi ya Marekani yanaweka alama maalumu kwenye cheti cha sekondari cha mwanafunzi anayethibitisha kuwa anajua lugha mbili, na kwamba Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilicho hapa mjini kinafundisha Kiswahili, kwa hiyo anachojifunza kina thamani. Alisikiliza. Yule wa mpira wa kikapu hakurudi muhula uliofuata.

Kuna jambo jingine linalotukwaza, nalo ni ubishi wa Kiswahili cha nani. Siku moja mtoto wa Kikongo alikuwa anaeleza picha ukutani akasema, "Batoto biko banacheza mupira." Mzazi mmoja wa Kitanzania aliyekuwa amekaa nyuma akacheka kwa sauti na kusema hicho si Kiswahili. Yule mtoto aliinamisha kichwa na asubuhi nzima hakusema tena. Nilimtoa nje yule mzazi nikamweleza kwamba ubishi wa namna hiyo hatuutaki humu. Sasa utaratibu wetu ni kwamba mtoto anazungumza kama wanavyozungumza kwao, na tunapoandika sote tunajifunza Kiswahili sanifu, pamoja na watoto wangu wanaosema "nakuja" wakiwa wanaondoka. Waswabia wa Philadelphia, watu wa Württemberg, wana chama chao tangu 1873, Cannstatter Volksfest-Verein, na sherehe yake ya mavuno kila mwaka yenye mnara uliojengwa kwa matunda na mboga. Wanazungumza kwa lahaja yao bila mtu kuwakataza, na Kijerumani cha vitabuni ni cha wote. Mtoto wa Uvira, wa Kisumu, wa Songea na wa Lamu wanaweza kukaa benchi moja kwa utaratibu huo huo, na ninaona kwa macho yangu kwamba inawezekana.

Najua litaulizwa swali: wewe Mngoni wa Songea unawasifu Wajerumani? Ni swali la haki na nitalijibu. Mwaka 1906 serikali ya Kijerumani iliwanyonga mashujaa wetu wa Majimaji, Songea Mbano akiwa mmoja wao, na njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mashamba iliua watu wengi kuliko risasi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa walionyongwa. Nilikuwa kazini, nilitazama kwenye simu katika chumba cha mapumziko, na machozi yalinitoka. Sijasahau lolote wala sitawafundisha watoto wasahau. Somo la Majimaji tunalo kila mwaka darasani. Lakini waokaji mikate na waseremala wa 1764 hawakuwa magavana. Walikuwa wahamiaji waliowaona ndugu zao wakiuzwa bandarini wakaamua kufanya jambo. Hao ndio ninaowatazama, kwa sababu na sisi ni wahamiaji.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kupitia gazeti lako ninaviomba vyama vyetu vya ughaibuni vitenge sehemu ya fedha za sherehe za mwaka, hata iwe moja ya tano, kwa ajili ya darasa la watoto la Kiswahili lililo wazi kwa kila mtoto bila kuuliza pasipoti, na fedha hizo ziwe na akaunti yake ambayo ugomvi wa uongozi hauwezi kuigusa. Ufunguo wa darasa usikae kwa mgombea yeyote wala mpiga debe wake. Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, inaangukia likizo ya shule huku Marekani. Tuitumie kuwapa watoto vyeti vyao mbele ya wazazi wote, si kwa hotuba za wakubwa pekee.

Ninaiomba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, pamoja na mabaraza ya Kiswahili, BAKITA la Tanzania na BAKIZA la Zanzibar, wawafikirie watoto hawa mahususi. Mtoto wa ughaibuni si mgeni anayeanza na "hujambo". Anaelewa anachoambiwa jikoni lakini hawezi kuandika aya. Si mtoto wa Morogoro pia. Anahitaji mtihani wake wa ngazi, unaofanyika mahali alipo, wenye cheti kinachotambuliwa na vyuo vya Afrika Mashariki, ili binti akiniuliza atapata nini niwe na jibu. Walimu wa kufundisha tutawatafuta, na karo tutalipa wenyewe.

Kwa walimu wastaafu wanaosoma barua hii: wengi wenu mna simu yenye intaneti na mna jioni zenu. Huku inapokuwa asubuhi ya Jumamosi, huko ni alasiri. Nusu saa ya kusikiliza watoto sita wakisoma kwa sauti ingetusaidia sana, na kamati yetu imekubali kulipa posho, si kuomba bure.

Kamati hiyo sasa ina wazazi wa nchi nne. Mweka hazina ni Mkongo, katibu ni Mkenya, na mimi ninaendelea na ufundishaji. Tunachokitafuta kwa haraka ni vitabu vya kusoma vya darasa la kwanza hadi la nne, vya Tanzania au vya Kenya, hata vilivyotumika, mradi kurasa zake zimekamilika. Mwenye navyo au anayejua duka la kuaminika la kuvisafirisha aandike kupitia ofisi ya gazeti hili, nami nitamjibu.

Wako,
Mama Tumaini
Philadelphia, Marekani